Mtoto Akipona Saratani, Masikio Yake Yasisahaulike

Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, na kwa madaktari na wauguzi wa wodi za saratani za watoto Tanzania

Yah: Ombi la kuweka utaratibu wa kudumu wa kupima usikivu wa watoto waliotibiwa saratani

Mheshimiwa Waziri, madaktari na wauguzi wetu,

Ninaandika nikiwa mwalimu wa shule ya msingi. Ninafundisha darasa la pili, na kazi yangu ya kila siku ni kuwafundisha watoto kusoma na kuandika. Sikusomea udaktari. Yaliyomo katika barua hii nimeyapata kwa kusoma, kwa kuwauliza wataalamu na kwa kukaa na watoto wenyewe. Naanza na ombi lenyewe ili msilitafute mwishoni: kila mtoto aliyetibiwa kwa dawa za saratani za sisplatini au karboplatini, au aliyepigwa mionzi ya kichwani, asiruhusiwe kurudi nyumbani kabla hajapimwa masikio, majibu yake yakaandikwa, na mzazi akapewa tarehe ya kumrudisha kupimwa tena. Na tarehe hizo ziendelee kwa miaka, hata kama uvimbe umekwisha na mtoto anacheza mpira na wenzake.

Siandiki kwa kulaumu. Wengi wetu tunakumbuka wakati ambapo mtoto kuambiwa ana saratani ilikuwa sawa na kuandikiwa kifo. Mwaka 2011 matibabu ya watoto yalihamishwa kutoka Taasisi ya Saratani Ocean Road kwenda Hospitali ya Taifa Muhimbili, na tangu hapo, kwa ushirikiano na shirika la Tumaini la Maisha, watoto wamekuwa wakitibiwa katika wodi yao wenyewe bila familia kuuza shamba ili kulipia dawa. Hospitali za Bugando kule Mwanza na KCMC kule Moshi nazo zinawatibu. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitangaza lengo la kuhakikisha kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani wanapona. Tanzania imo katika safari hiyo, na ninyi ndio mnaoibeba.

Lakini lengo hilo lina maana ambayo haisemwi sana. Mtoto anayepona akiwa na miaka mitatu ana miaka hamsini au sitini ya kuishi mbele yake. Atahitaji kwenda shule, kufanya mitihani, kupata kazi, kuelewana na mwenza wake na kuitikia wanawe wakimwita. Kwa hayo yote anahitaji masikio. Na baadhi ya dawa zilizomwokoa ndizo zinazoyadhuru masikio hayo.

Dawa inayoongoza kwa madhara haya ni sisplatini, ambayo imetengenezwa kwa madini ya platinamu. Nguvu yake iligunduliwa kuanzia mwaka 1965 na Barnett Rosenberg katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, alipokuwa akichunguza athari za umeme kwa bakteria na kuona kwamba kemikali iliyotoka kwenye vipande vya platinamu iliwazuia bakteria hao wasigawanyike. Mwaka 1978 dawa hiyo iliidhinishwa nchini Marekani, na mpaka leo ni miongoni mwa silaha kubwa dhidi ya saratani za watoto: ya ini, ya mifupa, aina fulani za uvimbe wa ubongo, saratani ya nyuma ya pua kwa vijana, na nyingine. Hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayeomba iachwe. Mimi pia siombi hivyo.

Ninachoomba ni tuyahesabu madhara yake kama tunavyozihesabu faida zake. Ndani ya sikio kuna koklea, kiungo kidogo kilichojikunja kama konokono, chenye seli nyembamba mno zinazopokea mtetemo wa sauti na kuupeleka kwenye mshipa wa fahamu. Sisplatini huziua seli hizo, nazo zikishakufa hazioti tena. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba karibu nusu ya watoto wanaopewa dawa hii, na katika baadhi ya makundi zaidi ya nusu, hupoteza usikivu kwa kiwango fulani. Hupotea katika masikio yote mawili, na haurudi. Walio hatarini zaidi ni watoto chini ya miaka mitano, waliopata jumla kubwa ya dawa na waliopigwa mionzi karibu na sikio. Karboplatini hudhuru masikio kidogo zaidi, lakini nayo huweza kudhuru, hasa kwa watoto wachanga sana au ikitolewa kwa dozi kubwa.

Kuna jambo jingine ambalo wauguzi wa wodini wanalijua kuliko mimi. Mtoto aliye kwenye kemo akipandwa na homa huku chembe zake nyeupe za damu zikiwa zimeshuka, mara nyingi huanzishiwa sindano za antibayotiki za jentamaisini au amikasini. Dawa hizo nazo hushambulia seli zilezile za koklea. Akiongezewa furosemaidi ili apate mkojo, hatari huzidi. Kila dawa ina sababu yake na inaokoa maisha usiku huo. Lakini sikio moja linapopigwa na dawa tatu kwa miezi sita, asipatikane mtu hata mmoja aliyelipima, hapo ndipo penye pengo.

Kwa nini tatizo hili halionekani? Kwa sababu mtoto aliyedhuriwa na dawa hizi si kiziwi kwa namna tunayoizoea. Ukimwita anaitika. Mlango ukigongwa anageuka. Akisikia muziki anacheza. Sisplatini huanza kuharibu sauti nyembamba za juu, kwenye hezi 8,000, kisha hushuka hadi 6,000, 4,000, na dawa ikizidi hadi 2,000. Irabu zetu, a, e, i, o, u, kwa sehemu kubwa zinakaa chini ya hapo, hivyo mtoto anazisikia. Zinazopotea ni konsonanti nyepesi: s, f, sh, t, k, th. Katika Kiswahili, konsonanti hizo ndizo zinazobeba maana. Mtoto asiyezisikia vizuri akisomewa saa, taa, kaa na faa, anasikia kitu kimoja. Sita na tisa zinamchanganya, na hesabu za darasa la kwanza zinaharibika bila yeye kuwa na tatizo lolote la hesabu.

Nimefundisha mtoto wa namna hii. Alitibiwa saratani ya ini akiwa mdogo, akapona, akaanza shule kwa wakati. Alikuwa mcheshi na mwepesi wa kujibu nilipomtazama usoni. Lakini katika imla aliandika maneno yasiyokuwepo, na nilipogeukia ubao nikaendelea kuzungumza, alitazama daftari la jirani. Mama yake alikuja na faili nene la hospitali. Ndani yake kulikuwa na majibu ya damu, ya figo, ya moyo na picha za ini. Hapakuwa na karatasi hata moja kuhusu masikio. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba dawa ile inaweza kuyagusa. Mtoto alipopimwa katika hospitali ya rufaa, ilionekana kwamba kuanzia hezi 3,000 kwenda juu usikivu wake umeshuka sana. Wakati huo alikuwa amekwishapitia miaka yote ile ambayo mtoto hujifunza kusema.

Miaka hiyo hairudishwi. Mtoto anajenga lugha kwa kusikia, na nyingi ya kazi hiyo anaifanya kabla ya kuanza shule. Saratani nyingi zinazotibiwa kwa sisplatini au karboplatini huwapata watoto wa umri huohuo. Ile ya ini huwapata zaidi walio chini ya miaka mitatu. Mtu mzima akipoteza sauti ya s bado ubongo wake utaijazia, kwa sababu neno analijua tayari. Mtoto wa miaka miwili hana neno la kujazia.

Naomba mnisikilize zaidi kuhusu kundi moja ambalo linanikosesha usingizi. Saratani ya jicho, retinoblastoma, huwapata watoto wadogo na hapa kwetu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Hutibiwa kwa dawa ambazo mojawapo ni karboplatini, na mara nyingi jicho hutolewa ili maisha yabaki. Wengine huathirika macho yote mawili. Mtoto aliyepoteza macho yote kwa ajili ya kuishi anategemea masikio kwa kila kitu: kumjua mama yake anapoingia chumbani, kuvuka barabara, kujifunza shuleni. Akipoteza nusu ya sauti bila mtu kujua, tutamfundisha kama asiyeona tu, ilhali ana ulemavu wa aina mbili. Kama rasilimali za kupima hazitoshi watoto wote mara moja, anzeni na hawa.

Sasa nieleze kwa nini kipimo kimoja mwishoni mwa matibabu hakitoshi. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi za taifa za afya za Marekani walionyesha kwamba sisplatini huondoka katika viungo vingi vya mwili, lakini katika koklea hukaa miezi hata miaka. Hii inasaidia kueleza jambo ambalo madaktari walikuwa wakiliona kwa muda mrefu: mtoto anapimwa wakati wa kuruhusiwa, anaonekana mzima, kisha miaka miwili baadaye usikivu umeshuka. Madhara ya mionzi nayo huweza kuchelewa na kuja taratibu. Anayetutangazia usalama siku ya kuruhusiwa anatoa taarifa ya siku hiyo tu.

Ndiyo maana mwaka 2019 kundi la kimataifa linalooanisha miongozo ya ufuatiliaji wa waliopona saratani utotoni lilichapisha ratiba katika jarida la Lancet Oncology. Ratiba hiyo ni rahisi kukumbuka: mtoto aliye chini ya miaka 6 apimwe kila mwaka, wa miaka 6 hadi 12 kila baada ya miaka miwili, aliyevuka miaka 12 kila baada ya miaka mitano. Anayekutwa na tatizo apimwe kwa karibu zaidi, kadiri mtaalamu wake anavyoona. Kwa wakubwa kipimo ni kile cha kuvaa spika za masikioni na kuinua mkono ukisikia mlio, ilmradi kifike hezi 8,000. Kwa wachanga kuna vipimo vinavyofanyika mtoto akiwa amelala, bila kuhitaji jibu lake.

Najua mtakayosema, kwa sababu ni kweli: wataalamu wa usikivu ni wachache, vyumba visivyopenywa na kelele ni vichache zaidi, na mama wa Kigoma hawezi kusafiri hadi Dar es Salaam kila mwaka kwa ajili ya kipimo cha nusu saa. Naomba nijibu kwa mambo mawili.

La kwanza, tumewahi kulipitia jambo la namna hii. Dawa za sindano za kifua kikuu sugu, kanamaisini na amikasini, ziliwaacha wagonjwa wengi bila usikivu. Dunia haikusema kwamba kuishi kunatosha. Miongozo ilitaka wagonjwa wapimwe masikio mara kwa mara wakiwa kwenye sindano, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likashauri kanamaisini isitumike tena, nafasi yake ikachukuliwa na dawa za kumeza. Kilichosaidia ni kwamba madhara yalipimwa na kuandikwa, yakawa hoja isiyokwepeka. Watoto wa saratani wanastahili uangalizi huohuo.

La pili, vipimo vimekuwa vidogo na vya bei nafuu zaidi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, wamethibitisha kwamba simu au tableti yenye spika za masikioni zilizorekebishwa kwa vipimo sahihi inaweza kuchuja matatizo ya usikivu nje ya chumba maalumu, tena ikiendeshwa na mhudumu aliyefunzwa ambaye si mtaalamu. Hospitali ya rufaa ya mkoa inaweza kufanya uchujaji huo katika chumba kilichotulia, na kumtuma Muhimbili, Bugando au KCMC yule tu aliyeonekana na kasoro. Muhimbili yenyewe imekuwa ikipandikiza vifaa vya kusikia ndani ya sikio tangu 2017. Nchi iliyoweza upasuaji huo haishindwi kumvalisha mtoto spika za masikioni.

Faida ya kupima haianzi baada ya matibabu. Mtoto akipimwa kabla ya dripu ya kwanza na kati ya mizunguko, daktari anaona dalili mapema. Anaweza kuchagua antibayotiki nyingine homa inapokuja, au kuangalia kama aina ya saratani inaruhusu dozi kurekebishwa. Na sasa kuna kinga. Katika utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2018, watoto wenye saratani ya ini ambayo haijasambaa walipewa sodiamu thayosalfeti saa sita baada ya sisplatini. Waliopoteza usikivu walikuwa asilimia 33, wakati kwa wale ambao hawakuipata walikuwa asilimia 63, na uponaji wa walioipata haukupungua. Mwaka 2022 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa watoto wenye uvimbe ambao haujasambaa. Haimfai kila mtoto, kwa kuwa kwa saratani iliyokwishasambaa kuna wasiwasi kwamba inaweza kudhoofisha tiba. Uamuzi huo ni wenu madaktari. Ninaloomba ni lijadiliwe hapa nyumbani, kwa takwimu za watoto wetu, na takwimu hizo hazitakuwepo bila kupima.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri na wataalamu wetu, nayaweka maombi yangu wazi.

1. Wizara itoe mwongozo wa taifa unaotaka watoto wote wanaopewa sisplatini, karboplatini au mionzi ya kichwa wapimwe usikivu kabla ya matibabu, wakati wa matibabu, mwishoni, na baada ya hapo kwa ratiba ya umri niliyoitaja.

2. Kila mtoto anayemaliza matibabu apewe kadi ya ufuatiliaji. Mama wa Kitanzania anaijua kadi ya kliniki. Anaitunza kwenye mfuko wa plastiki na haendi zahanati bila hiyo. Kadi ya saratani ifuate mfano huo: jina la dawa, jumla ya dozi, mionzi aliyopata, majibu ya masikio na tarehe inayofuata. Akihamia mkoa mwingine, daktari wa huko asianze upya.

3. Mzazi aelezwe mapema, kwa Kiswahili chepesi, kwamba dawa inaweza kudhuru masikio na dalili zake ni zipi: mtoto kuongeza sauti ya redio, kusema "eh?" mara nyingi, kuchanganya maneno yanayofanana, kulalamika kwamba masikio yanalia, au matamshi yake kurudi nyuma.

4. Vifaa vya kusaidia kusikia, betri zake na matengenezo yake viingizwe katika kitita cha watoto chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Kumpima mtoto, kumkuta na tatizo, kisha kumwandikia mzazi bei asiyoiweza ni kumwongezea uchungu.

5. Hospitali iandike barua kwa shule, kwa ridhaa ya mzazi. Karatasi moja tu: mtoto huyu hasikii vizuri sauti za juu, akae mbele, mwalimu amtazame anapozungumza, maelekezo yaandikwe ubaoni, na wakati wa imla asomewe kwa karibu. Sisi walimu tuna madarasa makubwa, lakini hayo tunayaweza. Tusichoweza ni kukisia kilichoandikwa kwenye faili ambalo hatujawahi kuliona.

Wapo watakaosema kwamba pesa hizi zingenunua dawa za kuokoa mtoto mwingine. Nawaheshimu, maana wodini uchaguzi huo ni wa kweli. Lakini tazameni gharama yote. Mtoto aliyetibiwa kwa miezi kadhaa, kwa dawa ghali, damu, vipimo na kazi ya usiku na mchana ya wauguzi, kisha akaacha shule darasa la nne kwa kuwa hasikii na hakuna anayejua, ni hasara ya yote yaliyowekezwa kwake. Kipimo cha masikio ni sehemu ndogo ya gharama hizo, nacho ndicho kinacholinda matunda yake. Na hata kama hesabu zisingetoka hivyo, mtoto huyu hakuchagua dawa. Tulimchagulia sisi watu wazima, na tulichagua vema. Kumfuatilia ni sehemu ya uchaguzi huo.

Kila mwaka tunaadhimisha Siku ya Kimataifa ya Saratani za Watoto tarehe 15 Februari, na Siku ya Usikivu Duniani tarehe 3 Machi. Wanaohudhuria ya kwanza ni watu wa saratani, na wanaohudhuria ya pili ni watu wa masikio. Naomba mwaka ujao wizara iwakutanishe katika chumba kimoja, na wasitoke humo bila mwongozo.

Lakini wapo wasioweza kungoja mwongozo. Ni wale waliokwisha kumaliza matibabu, waliopona, walioko Sumbawanga, Lindi, Bariadi na Pemba, wakikaa viti vya nyuma katika madarasa ambayo mwalimu hajui lolote. Majina yao mnayo. Namba za simu za wazazi wao zimo kwenye mafaili yenu. Waiteni. Wapimwe mwaka huu, wakianza waliotibiwa wakiwa chini ya miaka mitano na wale wa saratani ya jicho. Nasi walimu tutawapokea na majibu yao.

Wenu katika kuwahudumia watoto,

Mwalimu wa darasa la pili, shule ya msingi, Tanzania

Nakala: Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, TAMISEMI, wazazi wa watoto waliopona saratani